Nimeleta Baridi: Tovuti ya Mama Festo wa Malangali

Nianze na aibu yenyewe, maana mkiisikia kwa Patrisi ataitia chumvi na pilipili. Mimi Deo, mtu mzima mwenye wajukuu, niliyewaambia nyie vijana wa ofisi hii kila siku kwamba mtandao ni waya na umeme tu, hauna mzimu, niliwahi kuinyunyizia kompyuta maji ya baraka. Mchana kweupe. Kwa tawi la mti, kama padri Jumapili ya Matawi. Maji yakaingia kwenye kibodi, kibodi ikaanza kujiandikia yenyewe herufi k, kkkkkkk, mstari mpaka mwisho wa kioo, unashuka, unaanza mwingine. Nilitoka mbio hadi barabarani. Kiatu kimoja kilibaki ndani. Mama muuza nyanya alinipisha kama anayepisha ng'ombe aliyekata kamba.

Sasa mmeshajua. Mengine yote ni madogo.

Mmeniomba niandike kabla sijakabidhi meza. Ya mishahara na vyeo siyaandiki: mshahara ulikuwa mdogo, cheo hakikuwepo. Nitaandika ya kazi.

Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliniacha, tunasukumiana mpaka leo. Nikaenda kuomba kazi ya kufagia kwenye steshenari ya Madam Tumpe, mama wa Kinyakyusa aliyekuja Sumbawanga kumfuata mumewe mtumishi wa serikali. Siku ya kwanza akanikalisha mbele ya kompyuta yenye kichogo kikubwa kuliko changu, akasema, "Washa." Mi nikatafuta kiberiti. Nawaapia. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Huyu hatanidanganya kitu. Abaki."

Baadaye steshenari ikawa mahali pa kutumia mtandao, na mtandao ulipohamia kwenye simu za watu, Madam akageuza kazi. Tukawa tunawatengenezea watu tovuti, na zaidi ya kutengeneza, tunazifanya zionekane. Hapo ndipo nilipopata ufundi. Yaani mtu akiandika shida yake kwenye kisanduku cha kutafutia, ile mashine imletee mteja wetu juu, si kule chini ambako hata mbwa hafiki.

Somo la kwanza nililipata kwa mnunuzi wa mahindi wa Laela. Alitaka kichwa cha ukurasa wake kiandikwe KARIBU, na chini yake picha yake ya harusi akiwa na suti. Nikaweka kama alivyotaka, nikajisifu. Madam akaja, akaegemea kiti changu.

"Deo, wewe una magunia ya mahindi, unataka kuuza. Unaandika nini?"

"Mnunuzi wa mahindi Laela."

"Utaandika karibu?"

"Hapana Madam."

"Sasa hicho kichwa umemwandikia nani? Usiandike anavyojiita mwenye duka. Andika anavyouliza mwenye shida."

Hilo ndilo la kwanza, na mkilisahau hilo rudini mkalime. Kichwa kiseme kitu kile kile anachouliza mtafutaji. La pili lilikuwa picha ya suti. Ilikuwa nzito, ukifungua ukurasa basi linaondoka Laela na linafika Tunduma picha bado inashuka mabegani. Mtu hangoji. Nikaipunguza, mwenyewe akanuna, mahindi yakaja. La tatu ni linki. Madam alisema ukurasa ni kama mgeni kijijini: akijisifu mwenyewe hakuna anayemwamini, lakini wenyeji wa kuaminika wakimwonyesha kwa kidole, basi huyo ni mtu. Kwa hiyo tafuta wanaoheshimika wakuonyeshe kidole. Usinunue vidole.

Na alipenda kumalizia hivi: "Sisi kazi yetu ni kibao cha barabarani. Kiwe kweli, kisomeke, kielekee kunakotakiwa."

Chombo nilichokipenda kuliko vyote, na kilichonitisha kuliko vyote, ni ripoti ya maneno. Nyie mnaifungua kama mnafungua soda. Mimi mpaka leo napiga ishara ya msalaba kidogo chini ya meza. Ripoti ile inakuonyesha watu waliandika nini mpaka ukurasa wako ukatokea mbele yao. Utadhani kwa mnunuzi wa mahindi watauliza mahindi. Wanauliza, ndiyo. Lakini katikati unakuta mtu ameandika "mahindi yakiota juu ya kaburi yanaliwa". Mwingine: "nikiuza shamba mke wangu atajua". Hakuna jina, hakuna uso. Maneno tu, kama sauti inayopita nyuma ya ukuta. Madam aliniambia, "Hapa ndipo utawaona watu walivyo wakidhani wako peke yao. Usicheke, na usimsimulie mtu."

Akaniongezea jambo ambalo mtalihitaji kuielewa habari hii. Ile mashine ina adabu moja. Neno likiandikwa na mtu mmoja peke yake, ripoti hailionyeshi. Inalificha, isije ikamwanika mwenyewe. Linalotokea kwenye orodha ni lile ambalo limeshaandikwa na watu wengi.

Madam alirudi Mbeya mumewe alipohamishwa, akaniachia meza. Patrisi alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, anauza na kutengeneza simu, rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa kutumikia misa. Ndiye aliyekuwepo siku Mama Festo alipoingia.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu ule wetu wa kipupwe, unaokaa juu ya mji mpaka watu wanawasha taa za gari saa ya kunywa chai. Aliingia mama mtu mzima, sweta juu ya kitenge, kiroba kidogo cha ulezi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe ndiye unayewaweka watu kwenye simu?"

Patrisi akadakia, "Ndiye. Ila mwenyewe kuingia kwenye picha simu inakataa."

Mama hakucheka. Akakaa. Alikuwa mjane, anaishi Malangali ya hapa hapa Sumbawanga, analima ulezi na kuusaga. Nikachukua kalamu, nikauliza anauza unga wa aina gani, kwa nani.

"Ulezi ni wa kuniingizia humo," akasema. "Nimesikia lazima mtu awe anauza kitu. Basi niandike nauza. Mimi nataka mtu mmoja anione."

"Nani, mama?"

"Mwanangu Festo."

Festo alikuwa ameshuka ziwani, Kabwe, kupakia na kupakua mizigo ya maboti yanayovuka Tanganyika. Aliaga kwamba atarudi kusaidia mavuno. Mwanzoni alipiga simu. Kisha ile simu ya mama ikaharibika, ikaja nyingine na namba nyingine, na tangu hapo kimya. Mavuno yalishapita zaidi ya mara moja. Kuna jirani alimwambia kwamba siku hizi mtu akikutafuta anaandika jina lako kwenye simu. Ndiyo maana amekuja.

Mimi nilitengeneza ukurasa ule kwa moyo wote, na kwa kufuata kanuni. Kanuni inasema weka jina la mji kwenye kichwa. Nikaweka: "Mama Festo, Sumbawanga". Chini yake nikaandika kwa mapenzi: "Mama mtu mzima wa Sumbawanga. Anakusubiri. Piga simu muda wowote." Na namba yake.

Mnacheka. Mnaona nilichokifanya. Kosa lile angelifanya mtu wa hapa tu. Wa Iringa asingelifanya, wa Tanga asingelifanya. Sisi tuliozaliwa hapa, Sumbawanga kwetu ni baridi, mahindi na kengele ya kanisa. Tumesahau kabisa watu wa mbali wakilisikia jina hilo wanaona nini. Ukipanda basi Dar ukasema unatoka Sumbawanga, jirani yako anasogea, anachukua mtoto wake anampakata. Nchi nzima, mwenye shida isiyosemeka akiamua kuandika kitu kwenye kisanduku, anaandika jina la mji wetu, na mbele yake anaweka neno mganga, au baya zaidi.

Na mimi nimemwekea mama wa watu kibao kinachosema: yuko hapa, mtu mzima, anakusubiri.

Ukurasa ulipanda haraka. Nilikuwa sijawahi kuona ukurasa unapanda hivyo. Nikamwambia Patrisi mimi ni kiboko.

Simu zikaanza. Wa kwanza alikuwa mwanamke, anaongea kwa kunong'ona kama yuko ndani ya kabati: "Mama, nimetuma picha yake. Nataka asiamke na hasira." Mama Festo akamwambia, "Mwanangu, mi nauza ulezi." Yule akajibu, "Najua mama, lazima useme hivyo." Akaja mwanaume wa mbali anaomba jirani yake aache kucheka. Hakusema kwa nini. Aache kucheka tu. Na kuna mmoja alikuwa anapiga bila kusema neno. Mama aliniambia anasikia upepo, na nyuma ya upepo mtu anavuta pumzi, kisha simu inakatwa. Kila akipokea alikuwa anauliza, "Festo?" Mwishowe akaizima simu.

Kisha wakaanza kuja wenyewe. Asubuhi anafungua dirisha, ukungu umejaa uani, na kwenye ua wa miti anaona umbo la mtu amesimama. Hagongi, haiti, hasalimu. Amesimama tu na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Akitoka kumsalimu, hayupo. Siku moja alikuta kiatu cha mtoto kimewekwa juu ya nguzo ya geti, kimoja, kimesafishwa vizuri, kamba zimefungwa. Akaniletea ofisini. Hakuna kati yetu aliyetaka kukishika, kikakaa mezani kwa Patrisi kati ya chaja na betri, na wateja wake siku hiyo walikuwa wachache.

Mnajua ile tabia ya kisanduku, ukianza kuandika chenyewe kinakumalizia. Niliandika "Mama Festo". Kabla sijagusa herufi nyingine kikanimalizia: "Mama Festo anarudisha waliopotea".

Hakuna popote nilipoyaandika hayo. Nilitafuta kila ukurasa. Hakuna mtu yeyote aliyeyachapisha. Kitaalamu naweza kuwaeleza: mashine inasikiliza watu wanavyouliza, wakiuliza wengi inadhani ndivyo ilivyo, inamnong'oneza anayefuata, naye anauliza hivyo hivyo. Umbea tu, ila hauna mdomo. Nilijua yote hayo, na bado mgongo wangu ulisisimka, maana ndicho hasa alichokuwa anakitaka yule mama. Kurudishiwa aliyepotea.

Mtaani nako wakaanza kumwangalia. Mjane, mtu mzima, macho mekundu kwa moshi wa kuni, na wageni wanasimama kwenye ua wake alfajiri. Mnajua sehemu zetu hizi mambo kama hayo yanaishia wapi. Mwenyekiti wa mtaa alikuja ofisini, hakukaa.

"Deo, huo ukurasa wako utamuua mtu. Uzime leo."

Nikaenda Malangali nikiwa nimeshaamua kuuzima. Mama Festo alikuwa anapeta ulezi mlangoni. Nikamweleza. Hakuacha kupeta.

"Ukiuzima," akasema, "Festo atanikuta wapi?"

"Mama, wanaweza kukudhuru."

"Wale wanaokuja si wabaya. Wamepotelewa kama mimi. Usiuzime, baba. Urekebishe."

Nikakumbuka somo la Madam, lile la anavyouliza mwenye shida. Nilikuwa nimeandika ukurasa kwa ajili ya nchi nzima, wakati mtafutaji ni mmoja.

"Mama, Festo akiandika kukutafuta wewe, si Mama Festo mwingine yeyote, ataandika nini? Neno gani mnalijua nyie wawili tu?"

Hapo ndipo nilipomwona akicheka mara ya kwanza. Akaniambia Festo alipokuwa mdogo alikuwa akitumwa kuni. Na huku kwetu juu mnajua, nyasi mpaka upeo wa macho, mti wa kuokotea kuni unautafuta kama unatafuta mke. Kwao desturi ilikuwa hufunguliwi mlango jioni mpaka useme umeleta nini. Siku moja mtoto akarudi mikono mitupu, meno yanagongana, akasimama nje akasema kwa Kiswahili cha kujidai cha shuleni: "Mama, fungua. Nimeleta baridi." Baba yake alicheka sana. Tangu hapo, hata alipokuwa kijana mwenye ndevu, akirudi nyumbani hakubisha hodi. Alisema hivyo.

"Kuna mtu mwingine analijua?"

"Baba yake. Na baba yake yuko makaburini."

Nikarudi ofisini kuyaweka hayo maneno kwenye ukurasa. Bado sijaandika hata herufi. Nikasema ngoja kwanza nifungue ripoti, nione hali ilivyo. Nikashuka kwenye orodha. Mganga, mganga, dawa ya mume, mganga. Nikaendelea kushuka, kule chini ambako hata mimi huwa sifiki. Na pale, katikati ya takataka, palikuwa na mstari huu:

mama festo malangali fungua nimeleta baridi

Nikamwita Patrisi. Alikuja na bisibisi mkononi, akasoma, akasoma tena.

"Si ndiye huyo? Festo anamtafuta mama yake! Deo, si jambo jema?"

"Patrisi, mtu mmoja haonekani humu. Ile mashine inamficha. Mpaka litokee kwenye orodha lazima wawe wengi."

Akaweka bisibisi juu ya meza. Feni ya kompyuta ilikuwa inalia ile sauti yake ya nyuki.

"Sasa Festo mmoja," akauliza polepole, "anakuwaje wengi?"

Nje ulikuwa mchana, watu wanapita na baiskeli. Humo ndani kulikuwa na baridi ya kwetu tu, lakini sisi wawili tulikuwa tunaisikia kama imeletwa. Patrisi ndiye aliyetoa ile chupa ya maji ya baraka, huwa anaiweka kwenye droo pamoja na gundi. Yaliyofuata mmeshayasoma hapo juu. Kibodi ile ilikufa. Patrisi aliizika kwenye pipa kwa heshima zote.

Nilipopata kiatu changu na akili yangu, nikakaa nikafikiri kama fundi. Wawe wengi, awe mmoja, wanaandika na hawamfikii. Kwa nini? Nikayaandika yale maneno mwenyewe kwenye simu nione mashine inawaletea nini. Ikaniletea majokofu. Ikaniletea utabiri wa hali ya hewa. Ikaniletea soda baridi, kisha habari za Malangali ile ya Iringa. Ukurasa wetu ulikuwa chini kabisa, maana neno Malangali nililiweka kule mkiani kwenye anwani, kwa herufi ndogo, na baridi sikuitaja popote. Mtu alikuwa anagonga, na mlango niliuweka nyuma ya nyumba.

Nikaandika upya. Kichwa: "Mama Festo wa Malangali, Ufipa: fungua, nimeleta baridi". Sumbawanga niliiondoa kwenye kichwa nikaweka Ufipa, jina la nchi yetu hii ya juu, maana anayetafuta mganga haandiki Ufipa. Chini nikaandika maneno ya mama kama alivyoyasema, habari ya kuni na ya mlango, sikupamba. Namba mpya ya simu. Picha moja nyepesi ya mlango wenyewe, wa mbao, na kiroba cha ulezi pembeni. Kisha nikatafuta kidole cha kuaminika: kule Kabwe kulikuwa na jamaa niliyemtengenezea ukurasa wa ratiba za maboti ya mizigo, ambao kila mpakiaji anausoma asubuhi. Nikamwomba aweke linki. Akaweka bila kuuliza. Mwisho nikaiomba ile mashine ije isome upya. Kuiomba ni kitufe tu, lakini hailazimiki kuja leo, wala kesho. Hapo ndipo vijana wengi mnaharibu, mnabadilisha badilisha kila siku kama mtu anayefukua mbegu aone kama imeota. Ngojeni.

Simu za kunong'ona zikapungua. Umbo kwenye ua likawa halionekani. Na lile neno kwenye ripoti likapanda juu, juu, mpaka likawa la kwanza, na safari hii watu walikuwa wanabonyeza na kuingia.

Asubuhi moja nilikwenda Malangali kumwonyesha. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona hata paa la jirani. Tulikuwa ndani, moto unawaka, amenipa uji. Nikasikia hatua za watu uani. Zikasimama mlangoni. Hodi haikupigwa. Kisha sauti ya mwanaume ikasema, taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokikariri:

"Mama, fungua. Nimeleta baridi."

Bakuli langu lilimwagika, na nilimwangalia mama. Hakukimbilia mlango. Alikuwa amekaa vile vile, mkono kwenye mwiko. Akasema kwa sauti ndogo, "Siye."

Akasimama, akafungua. Nje walikuwa wanaume watatu wenye makoti ya ziwani, wamelowa umande. Wa mbele alikuwa amebeba sweta limekunjwa vizuri. Akapiga goti.

"Shikamoo mama. Tunaomba utusamehe, tumekutafuta sana."

Walikuwa wapakiaji wenzake Festo. Boti lilizama na dhoruba, zamani kidogo, kabla hata mama hajaja ofisini kwangu. Ziwa halikumrudisha. Lakini Festo alikuwa ameshawaambia wote pale bandarini, kwa utani wa vijana wanaongoja mzigo: mimi nikipatwa na lolote, nendeni kwa mama yangu, Mama Festo, Malangali. Msibishe hodi, hatawaamini. Semeni mama fungua, nimeleta baridi, atajua mmetoka kwangu. Namba hakuwa nayo. Mmoja wao alikwenda mpaka Malangali ya Iringa, akaambulia patupu. Basi kila mpakiaji mwenye simu, na kila boti lililotia nanga, walikuwa wanayaandika yale maneno kwenye kisanduku, leo huyu, kesho yule, wamfikishie mama habari.

Ndio hao waliokuwa wengi.

Mama Festo aliwasikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kitasa. Kisha akalipokea lile sweta, akalinusa, akasogea pembeni ya mlango.

"Ingieni," akasema. "Ingieni nayo hiyo baridi. Moto upo."

Tulikaa matanga. Mtaa wote ulikuja, hata waliokuwa wanamwangalia kwa pembeni walikuja na kuni. Siku ya kuanua, yule aliyebeba sweta aliniambia, "Mzee, asante. Sasa tumefika, hakuna tena wa kuandika." Nikasema amina.

Nikaacha kuiangalia ripoti ile. Nilikuja kuifungua mwaka huu, nikipanga vitu vya kuwakabidhi, na ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Lile neno bado lipo. Linaandikwa. Wakati wa joto linapotea kabisa, kipupwe kikianza linarudi, na linapanda kadiri ukungu unavyozidi. Wanaingia kwenye ukurasa, hawabonyezi namba ya simu, hawaulizi ulezi. Wanakaa pale kwenye picha ya mlango, muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuhitaji kuangalia picha ya mlango. Kisha wanatoka. Niliwapigia wale wa Kabwe. Wakaapa si wao. Nikaenda kumwuliza Mama Festo kama sasa tuuzime. Akaniuliza kama bado wanakuja. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi acha wazi."

Kwa hiyo vijana, paswedi ya ukurasa ule iko pamoja na nyingine. Ulipieni kila mwaka pamoja na kurasa nyingine, msibadilishe kichwa, na ile picha ya mlango msiipunguze zaidi.

Jana nilikuwa na Patrisi, tumekaa mbele ya duka lake, kila mtu na kikombe chake. Nikamwambia ukweli kwamba nang'atuka kwenye kazi lakini lile neno linaninyima raha, sijui ni nani, sijui ni wangapi, na nilitaka angalau nijue kabla sijaondoka. Nilitegemea atanikumbusha kiatu changu cha siku ile. Hakunikumbusha. Alikunywa chai yake, akaangalia ukungu ulivyokuwa unashuka barabarani, akasema:

"Deo, Madam alikuambia kazi yako ni kuweka kibao. Umeweka, kinasomeka. Hakuna aliyekutuma usimame pembeni uangalie ni nani anakisoma."